Tupeane uzoefu: TV na watoto wadogo, nyumbani kwako mnafanyaje?

Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa mwaka na nusu, na TV imekuwa ugomvi. Mama yake anataka izimwe kabisa, bibi yake anasema katuni ndizo zitakazomfundisha kuongea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri zaidi. Sawa, ila nyumba yetu ni chumba na sebule, mtoto atajificha wapi? Leteni yaliyowakuta, nadharia ninazo.

Mama Pacha: Wangu wana miaka minne. Tunaangalia Akili and Me, ile katuni ya kufundishia watoto, pamoja, na nasema pamoja kweli, siyo nimewawashia nikaenda kufua. Wakihesabu kule, nami nachambua mchicha hapahapa, nawauliza mafungu yamebaki mangapi. Kipindi kikiisha nazima, wanalia kidogo, wanahamia kwenye vifuniko vya soda kuendelea kuhesabu. Nikiwaacha peke yao wanaduwaa tu, hata ukiwaita hawaitiki.

Mtu wa Tanga: Kwetu mwenye rimoti ni bibi, na bibi ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kijana wa miaka mitatu nimemnyima soda juzi, akanitazama machozi yanamlenga: "Baba, umenisaliti." Kwa hiyo wanaosema TV haifundishi lugha waje kwangu 😂

Mzee wa Kuhoji: Sisi tumekua tukichungulia TV dirishani kwa jirani na tuna akili zetu. Mnawadekeza.

Mwalimu wa Awali: Mzee, ulichungulia ukiwa na miaka saba au minane, na jirani akifunga pazia ulirudi kucheza gololi. Hapa tunasema mtoto anayetambaa na TV inayowaka tangu chai ya asubuhi. Huyo wa Tanga ana miaka mitatu, na bibi yuko pembeni anamsimulia nani kamfanya nini nani. Wa mwaka mmoja hachukui hivyo. Watafiti wameliona mara nyingi: chini ya miaka miwili mtoto hujifunza kidogo zaidi kwa mtu wa kwenye skrini kuliko kwa mtu aliye mbele yake. Mimi naogopa zaidi ile TV isiyo na mtazamaji. Inaongea yenyewe, wakubwa wanapunguza kumsemesha mtoto, na mchezo wake unakatika kila tangazo likipiga kelele. Mleta mada, anzia hapo. Taarifa ya habari ikiisha, zima. Chumba kimoja hakizuii hilo.

Baba wa Muscat: Mimi niko kazini Oman, wangu ana miezi kumi na minne. Ananijua kwa simu ya video. Mama yake humpakata, ananielekeza, "Baba huyu, mpe biskuti," basi simu nzima inajaa makombo. Madaktari wa watoto wa Marekani wenyewe wameruhusu simu za video hata kwa wa umri huo, kwa sababu nikicheka naye anacheka, akinyamaza namuita. Katuni haimsubiri ajibu.

Mzee wa Kuhoji: Hapo kwenye kusubiri nimekuelewa.

Nesi wa Zamu: Niongeze moja, maana kliniki nawaona kila wiki. Mtoto akifika miaka miwili hajaunganisha hata maneno mawili, kama "mama njoo", au haitiki jina lake, msiishie kuzima TV mkasubiri. Mpelekeni apimwe masikio kwanza. Wapo wanaoongezewa sauti ya katuni kila siku, familia inasema anapenda TV, kumbe hasikii vizuri. Wa mleta mada bado ana muda. Anasema nini mpaka sasa?

Mleta mada: "Baba", "maji", "hapana". Hiyo ya mwisho anaisema sana rimoti ikiguswa.

Nesi wa Zamu: Basi huyo anasikia 😄 Bibi naye apewe kazi ya kumwimbia.