Nataka van ya mizigo ya haraka: Transit, ProMaster, Sprinter au hizi Chevy za zamani?

Kijana_wa_Lexington

Wakuu habari za humu. Niko Lexington Kentucky, nafanya warehouse shifti ya usiku na mgongo umeshaanza kulalamika. Kuna jamaa zangu wawili hapa wanabeba mizigo ya haraka na van, wao wanaita ekspedaiti, unamsikia leo yuko Georgetown pale kwa Toyota kesho anakupigia yuko Texas, na wanaonekana maisha yanasogea. Nikiwauliza ninunue gari gani kila mmoja anasifia ya kwake, hapo hawasaidii kitu.

Nina dola elfu 18, nikijibana sana elfu 22. Nimeona mtandaoni Ford Transit 250 ya 2017 paa refu ina maili 148,000, halafu kuna Mercedes Sprinter ya 2016 imepita maili 200,000 ila inang'aa balaa, na Chevy Express 3500 ndefu ya 2019 ilikuwa ya kampuni ya mabomba. Ram ProMaster nazo zipo kibao huku. Ipi nichukue ambayo haitanilaza barabarani? Na je ni kweli ukiwa na van hakuna logbook (ile rekodi ya masaa ya kuendesha)? Sijui kitu kuhusu injini, naombeni mnieleze taratibu.

I75_Kusini

Karibu ndugu. Mimi ningeanza na swali jingine kabisa, nani atakupa lodi, yaani mzigo wa kubeba? Maana watu wengi wananunua gari kwanza ndio wanatafuta kampuni ya kujiunga nayo, kumbe kila kampuni ina masharti yake, nyingine haipokei gari iliyopita umri fulani, nyingine inataka urefu wa ndani na kimo cha mlango wa nyuma, na ukishasajiliwa vipimo vyako vinaingizwa kwenye mfumo (Sylectus ndio wengi wanatumia) yule disipacha (anayegawa mizigo kwa madereva) anaangalia namba tu. Kama lodi ina kimo cha inchi 60 na mlango wako hauipitishi, simu yako hailii. Hutajua hata kwamba ilikuwepo.

Sasa kuhusu vipimo. Paleti ya kawaida Marekani ni inchi 48 kwa 40. Ndani ya van kuna yale matuta ya matairi, na hapo katikati ya matuta ndipo upana wako wa kweli ulipo, sio ukuta kwa ukuta. Van zote kubwa ulizotaja zinapitisha inchi 48 katikati, kwa hiyo ukiziweka paleti kwa ubavu kila moja inakula inchi 40 za urefu. Paleti tatu ni inchi 120. Nne ni 160, na hapo ndio utaona Transit ile ndefu kabisa yenye mkia ina inchi kama 172 sakafuni inachukua nne, wakati Chevy ndefu inaishia tatu.

Halafu paa. Transit paa refu ndani ni inchi 81 na kitu, Sprinter za kuanzia 2019 ni 79 (za nyuma ya hapo ni chini kidogo), ProMaster 76. Chevy ni 53 hivi. Usidanganyike na hicho kimo cha ndani, pima MLANGO, maana foklifti haiingizi mzigo kupitia darini. Nimesimama mara nyingi nikiangalia dereva wa foklifti ananyanyua paleti sentimita kidogo tu ili iruke ile kingo ya bampa, na pale juu karatasi za nailoni zinakwaruza fremu ya mlango, anashusha, anarudi nyuma, anajaribu tena, huku saa ya delivari inakimbia. Nenda na futi ya kupimia siku ya kukagua gari, pima chini mpaka juu mlango ukiwa wazi.

Kingine, doki nyingi zina kimo cha futi 4 kwenda juu na van iko chini sana ya hapo, kwa hiyo mara nyingi utapakiwa chini uwanjani. ProMaster sakafu yake iko chini kuliko wenzake kwa sababu inavuta kwa matairi ya mbele, haina shafti inayopita chini. Ukiwa unashusha maboksi kwa mkono siku nzima utaishukuru.

DadaWaBarabara

Kaka pole na mgongo, ila nikuambie tu huku nako mgongo unauma, ni kiti badala ya maboksi 😅

Nikujibu la logbook maana watu wanalipotosha. Sheria ya serikali kuu inaangalia ule uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda, GVWR. Kuanzia paundi 10,001 unahesabiwa gari la kibiashara, unaingia kwenye masaa ya kuendesha, logbook, cheti cha daktari na kila kitu. Chini ya hapo hauko kwenye hizo, isipokuwa ukibeba mizigo ya hatari inayotakiwa kubandikwa vibao. Transit 250 ya mwaka huo imeandikwa 9,000 kwa hiyo uko salama. Lakini kuwa makini na zile Transit 350HD zenye matairi mawili mawili nyuma na Sprinter 3500, nyingi zimepita elfu kumi, muuzaji hatakuambia. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko pale kwenye nguzo, soma mwenyewe. Pembeni yake kuna kingine kinasema uzito wa watu na mzigo usizidi paundi ngapi, HICHO ndicho uwezo wako wa kubeba, na humo humo umo wewe, kitanda chako, mikanda, pallet jack na maji yako ya kunywa. Ukitoa vyote hivyo ndio unajua kama unaweza kusema ndiyo kwa lodi ya paundi 3,000 au unajidanganya. Na ukifunga trela nyuma hesabu inabadilika, uzito wa vyote viwili unajumlishwa.

Ila kukosa logbook kusikufanye ukubali kila simu. Disipacha atakupigia saa nane usiku umetoka kushusha mzigo, atakuambia ni maili 600 tu. Wewe ndiye uliyeshika usukani, yeye yuko ofisini na kahawa.

Jambo ambalo wanaume humu huwa hawalisemi: utalala humo ndani. Paa refu linakuwezesha kusimama na kuvaa nguo kama binadamu. Weka ukuta kati ya kabini na mzigo, au angalau wavu mzito, maana ukikanyaga breki kwa nguvu paleti haina adabu. Na hita ya kujitegemea, Webasto au Espar, hizi zinakunywa mafuta kidogo sana, usiku wa Januari Michigan huwezi kuacha injini inanguruma mpaka asubuhi, unachoma mafuta na unaua injini. Bomba la moshi la hita litoke nje kabisa, na weka alamu ya kaboni monoksaidi karibu na kichwa unapolala. Hiyo alamu ni bei ya chakula cha mchana, nunua kabla ya godoro.

Makanika_Dallas

Sasa bro, mimi ni Mkenya niko Dallas, kazi yangu ni kufungua hizi gari zikishakataa, so sina timu yoyote hapa.

Sprinter kwanza kwa sababu najua roho yako iko hapo, umesema inang'aa. Injini zenyewe ni ngumu, hiyo ya 2016 ni dizeli, either ile ya silinda nne au ya V6, zinaenda maili nyingi sana kama zilipata oili inayotakikana. Shida haiko kwa injini, iko kwa mfumo wa kusafisha moshi, ile DEF unamwaga (maji ya kusafisha moshi), sensa za NOx (gesi chafu za moshi), chujio la masizi la DPF. Sensa ikizingua gari inaanza kukuhesabia, umebakisha kuwasha mara kadhaa, ukimaliza hiyo hesabu ukizima haiwaki tena hata kama injini iko sawa kabisa. Na uko wapi siku hiyo? Uko Nebraska jioni ya Ijumaa. Si kila dealer wa Mercedes anahudumia van na fundi wa mtaani mwingi hana kompyuta ya kuongea nayo. Kama huna pesa ya emergency kando, wachana nayo.

Transit ya 2017, hii kuna kitu lazima uangalie. Mwaka huo huo wa 2017 Ford waliita Transit za 2015 mpaka 2017 zirudishwe kurekebishwa kwa sababu ya ile raba inayounganisha shafti, inapasuka, shafti inaweza kuchomoka ukiwa hawei. Chukua VIN (namba ya utambulisho ya gari) weka kwa tovuti ya NHTSA, ile idara ya serikali ya usalama barabarani, itakuambia kama kazi ilifanywa, ni bure. Halafu hata kama ilifanywa lala chini na tochi uangalie hiyo raba, ukiona nyufa zimezunguka bolti omba wakupunguzie bei ama ondoka. Uliza pia ni injini gani, 3.7 ya kawaida haina turbo, ni mvivu kidogo kwa milima ya Tennessee lakini vitu vya kuharibika ni vichache. EcoBoost 3.5 inavuta vizuri sana, turbo mbili hizo, lakini mwenye alikuwa nayo kama alichelewesha oili utalipa wewe.

ProMaster ina ile V6 3.6 ya Pentastar ambayo Chrysler wameweka kwa kila kitu, so spea ziko kila duka. Angalia nyumba ya filta ya oili, ni plastiki imekaa katikati ya V pale juu, ikivuja oili inatiririka nyuma ya injini na watu wanadhani ni sili ya crank (ile ya kuzuia oili nyuma ya injini). Sikiliza pia kelele ya tik tik ikiwaka asubuhi. Na kwa theluji ukiwa na mzigo wote nyuma na matairi yanayovuta yako mbele, unajua mwenyewe, nunua matairi ya maana.

Express sina mengi. Ni ya kizamani, hiyo bodi imekuwa vile tangu 1996, kila fundi Amerika anaijua.

MzeeSavana

Naona wote mnaipita Chevy kama haipo. Mimi nina Savana, ndugu yake na hiyo Express, na sibadilishi. Ikikata kitu nikiwa kijiji cha Arkansas ambacho hata jina lake sijui kutamka, kuna mzee na gereji yake ana spea kwenye kabati. Baada ya masaa mawili niko barabarani. Nyie wenye paa refu mnasubiri dealer afungue Jumatatu. Lodi za spea za viwanda nyingi ni vikreti vifupi vya chuma, vizito lakini vifupi, kimo cha paa havikihitaji kabisa, na hiyo 3500 inabeba uzito vizuri kuliko wengi hapo.

I75_Kusini

Mzee shikamoo. Kwa vikreti nakubaliana na wewe asilimia mia. Ila wewe una wateja wako wa miaka, wanakupigia moja kwa moja. Huyu kijana anaanza, anasubiri mfumo umchague kati ya van nyingine kumi zilizoegeshwa Louisville, akiwa na mlango mfupi atachaguliwa wa mwisho.

MzeeSavana

Marahaba. Hapo umesema, sibishi. Lakini asinunue Sprinter ya maili laki mbili kwa hela yake ya mwisho, hilo tukubaliane wote.

Kijana_wa_Lexington

Asanteni sana, nimejifunza kuliko mwaka mzima wa kuwauliza hawa jamaa. Sprinter nimeitoa. Nimepiga simu kampuni mbili za hapa, moja imesema inataka gari ya 2016 kuja juu na paa refu au la kati, kwa hiyo Chevy nayo imejitoa yenyewe, samahani mzee. Kesho jioni naenda kuiona ile Transit, muuzaji anataka 19,500. Bima je? Ninayo ya gari yangu ndogo, naweza kuiongeza tu van humo?

DadaWaBarabara

HAPANA. Bima ya binafsi ikijua ulikuwa unabeba mzigo kwa malipo hailipi, na utabaki na kesi. Ukiwa chini ya kampuni ukitumia kibali chao waulize bima yao inafunika nini hasa na wanakukata kiasi gani kwa wiki, na ukiwa hujapewa lodi nani anakufunika. Ukitaka kibali chako mwenyewe cha FMCSA (idara ya serikali kuu inayosimamia wabeba mizigo), kwa van za chini ya 10,001 sheria inataka bima ya dola 300,000 lakini mabroka (madalali wa mizigo) wengi hawakuangalii bila milioni moja na ya mzigo 100,000, na kwa mtu mpya malipo ya mwezi yanatisha. Ndio maana wengi wanaanza chini ya kampuni.

Kwa hiyo usimalize hela yote kwenye gari. Kwa 19,500 utabaki na nini cha matairi, mikanda, bima ya mwezi wa kwanza na mafuta kabla malipo hayajaingia? Wengine wanalipa baada ya siku 30. Na andika maili zako toka siku ya kwanza, IRS (watu wa kodi) kwa 2025 waliruhusu senti 70 kwa maili, ila ukitaka njia hiyo kwa gari yako lazima uichague mwaka ule ule unaoanza kuitumia kwa kazi.

Makanika_Dallas

Kesho ukienda mwambie asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwa boneti, ikiwa moto jua kuna kelele ya asubuhi alitaka usisikie, rudi siku nyingine. Uliza pia title (hati ya umiliki) kama ni safi, ile ya rebuilt, yaani gari iliharibika vibaya ikatengenezwa upya, kampuni nyingi na bima zinaikataa hata gari ikiwa nzuri namna gani. Na hiyo 19,500 kwa maili 148,000 ni juu, anzia elfu 16.

Kijana_wa_Lexington

Sawa fundi. Nitaenda na tochi na futi. Nikipata picha za ile raba ya shafti naziweka hapa mniangalizie.

Makanika_Dallas

Weka. Piga, kisha toka, sogeza gari kidogo ndio shafti izunguke, upige tena zionekane bolti zote, na kila mara gari iwe imefungwa hendibreki na kigingi kwa tairi kabla hujaingia chini.