Tupeane uzoefu: Kijiji cha Cabrerets na bonde la Célé, kusini magharibi mwa Ufaransa

Binti Kondoa

Habari zenu ndugu. Naomba wale ambao wamewahi kutembelea vijiji vya mkoa wa Lot, na hasa Cabrerets na bonde la mto Célé, tuelezane tuliyoyaona kwa macho yetu, kwa sababu wengi wetu tunaoishi Toulouse au Paris huishia mijini na kudhani kwamba mashambani hakuna cha kutazama. Nitaanza mimi.

Nilikwenda huko kwa ajili ya pango la Pech Merle, lenye michoro ya kale ukutani, lililo kilimani juu ya kijiji. Vijana waliingia humo kwa mara ya kwanza mwaka 1922, wakiwa wametiwa hamu na padri wa Cabrerets, Amédée Lemozi, ambaye alikuwa mtafiti wa mambo ya kale. Leo watu wasiozidi 700 ndio wanaoruhusiwa kuingia kwa siku, nao huingia kwa makundi pamoja na kiongozi, kwa kuwa pumzi na joto la watu huharibu michoro.

Ndani kuna baridi hata wakati wa kiangazi. Kiongozi wetu alimulika ukutani, tukawaona farasi wawili wenye madoa, waliochorwa yapata miaka 29,000 iliyopita, na pembeni mwao alama nyeusi za viganja. Nilisogea hadi mwisho wa kizuizi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kichwa cha farasi wa kulia kimefuata umbo la jabali lenyewe, kana kwamba mchoraji alimwona farasi ndani ya jiwe kwanza kisha akamtoa. Madoa hayakupakwa kwa brashi. Mtafiti Michel Lorblanchet alijaribu mwenyewe kutafuna rangi na kuipuliza kwa mdomo juu ya mwamba, akapata matokeo yanayofanana sana na yale. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba farasi wa namna hiyo ni wa kubuni tu, mpaka mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ulipoonyesha kwamba farasi wenye madoa walikuwapo kweli katika zama hizo.

Kilichonigusa zaidi ni nyayo. Ziko katika udongo uliogeuka kuwa mgumu, nyayo za mtu mwenye miguu midogo, na ukingo wa kisigino bado unaonekana.

Niliwaza kwetu. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale ambaye mwaka 1978 kikundi chake kilifukua nyayo za kale za Laetoli, Tanzania, aliishi Cabrerets akiwa msichana. Baba yake, aliyekuwa mchoraji, alifariki mwaka 1926 wakiwa huko, na Padri Lemozi ndiye aliyempeleka binti huyo Pech Merle kuona michoro. Miaka 25 baadaye, mwaka 1951, Mary alikuwa Kondoa akinakili kwa mkono michoro ya miambani ya Kolo, ile ile ambayo mimi nilipelekwa kuiona na baba yangu mdogo nikiwa darasa la nne. Sikujua habari hizo kabla ya safari, na nilipozisoma jioni ile sikuweza kulala mapema.

Fundi wa Mkomani

Ahsante, dada, kwa kuanzisha jambo hili. Mimi ni mwashi, nimezaliwa Lamu, na nilikwenda sehemu hizo kwa sababu ya mawe tu.

Ukitoka Cabrerets ukapanda juu ya bonde, unafika kwenye uwanda mkavu wa mawe ya chokaa ambao wenyeji huuita causse. Miti yake ni mialoni mifupi na mireteni, na kila upande kuna kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala chokaa wala udongo. Mkulima alipotaka kulima ilimbidi kwanza aondoe mawe shambani, na mawe hayo hayo ndiyo aliyojengea ukuta wa kondoo na kibanda cha kujikinga mvua. Vibanda hivyo ni vya mviringo, navyo huitwa caselle au gariotte.

Niliingia katika kimoja nikakaa karibu saa nzima. Paa lake lote ni mawe bapa. Kila kozi, yaani safu ya mawe, imesogezwa ndani kidogo kuliko ile iliyo chini yake, mpaka juu kabisa pakabaki tundu dogo lililofunikwa kwa jiwe moja. Nilipitisha kidole kwenye viungo vya mawe nikagundua kwamba kila jiwe limelazwa likiinama kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvua yateremke nje yasiingie ndani. Nje kulikuwa kumenyesha usiku kucha, na sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Sisi Lamu hujenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na chokaa ndiyo inayoshika kila kitu. Kule hakuna kinachoshika isipokuwa uzito wa jiwe na jicho la fundi. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kujenga kwa mawe makavu katika orodha ya urithi usioshikika, Ufaransa ikiwa miongoni mwa nchi nane zilizouombea, na kwa maoni yangu heshima hiyo ilistahili kuja mapema zaidi. Mji wetu wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, lakini mji bila mafundi utabomoka hata ukiwa na vyeti vyote. Ninaomba vijana wa kwetu wanaosomea ujenzi huko Ulaya wasiache kuvitazama vibanda hivi.

Ndugu wa Kivu

Nawasalimu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, ninaishi Lyon, na nilitembea kwa miguu siku tatu kando ya Célé kwa njia inayoitwa GR 651, ambayo ni tawi la njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania. Alama zake ni mstari mweupe juu ya mwekundu, uliopakwa kwenye miti na mawe, na ukiona mistari hiyo imepishana kama msalaba ujue umekosa njia, urudi nyuma.

Siku ya pili nilifanya kosa. Niliona mto chini bondeni, nikadhani kwamba maji hayatakosekana, nikapanda uwandani nikiwa na chupa moja tu katika mwezi wa Julai. Kumbe juu hakuna kijito hata kimoja, kwa sababu mawe ya chokaa yamejaa nyufa na mvua yote huzama chini. Kufika saa nane mchana ulimi ulikuwa umekauka na kichwa kinaniuma. Nilibisha hodi kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. Mama mmoja mzee alifungua, akanitazama, na kabla sijamaliza kueleza akaniletea jagi la maji, kiti na vipande vya jibini ya mbuzi, akasema nisinywe kwa haraka. Nilimwita maman, kama ningemwita mama yeyote mtu mzima nyumbani.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba maji yanayopotea uwandani hutokea tena bondeni, na kwamba nikifika karibu na Cabrerets nitazame chemchemi ya Pescalerie. Kesho yake nikaiona: maji yanamwagika kutoka ubavuni mwa jabali, baridi sana, kisha yanaingia mtoni. Nilisimama pale nikaelewa kwamba maji hayo hayo, yakipita katika nyufa kwa muda mrefu sana, ndiyo yaliyochimba mapango ambayo dada ametueleza.

Msikose pia Marcilhac-sur-Célé. Sehemu kubwa ya kanisa la abasia ya Wabenedikto iliharibiwa wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza, na hadi leo ukipita mlango wa zamani unajikuta uwanjani, chini ya anga, ukizungukwa na nguzo.

Mama Wawili

Nilikwenda na watoto wa miaka sita na tisa. Pangoni kilichowashika si farasi bali mzizi wa mwaloni uliopenya kutoka juu na kuning'inia katikati ya chumba, ukishuka kutafuta maji. Waliuzungumzia mpaka nyumbani. Wavalisheni watoto sweta na viatu visivyoteleza, na mkitoka vichakani wakagueni kupe miguuni na nyuma ya masikio. Usiku tulizima taa za nyumba tuliyopanga tukatoka nje: mwanangu mdogo, aliyezaliwa mjini, aliuliza kama lile wingu jeupe litanyesha, nami nikamwambia kwamba zile ni nyota.

Binti Kondoa

Nawashukuru. Ndugu wa Kivu, pole kwa kiu uliyoipata, na Mungu ambariki mama yule.

Kwa walioniuliza faraghani: tiketi za pango agizeni siku kadhaa kabla, hasa Julai na Agosti, na picha haziruhusiwi ndani. Kutoka Toulouse mnapanda treni hadi Cahors, na kutoka hapo ni yapata kilomita 30 kufika Cabrerets.

Baba yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi aliwapandisha wageni kwenye miamba ya Kolo, anakuja kunitembelea mwezi wa Septemba. Nimekwisha kumwagizia tiketi. Nitarudi hapa kuwaeleza atakayosema akisimama mbele ya farasi wale.