Video za vita ya Goma zinajaa kundini, nizichujeje?

Mwanaziwa:
Wakuu, heshima kwenu. Ninasimamia kundi la WhatsApp lenye watu wa Goma, Bukavu, Kigoma na Brussels. Tangu waasi wa M23 waingie Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, video za "leo asubuhi" hazikatiki, na watu wanatukanana kikabila hata hawajaitazama mpaka mwisho. Nazikaguaje kwa simu tu?

Fundi wa Picha:
Mkuu, anza na alama ya mishale miwili juu ya ujumbe. Ukiiona, ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi, kwa hiyo usitegemee aliyekutumia anajua ulikotoka. Tarehe ndani ya faili usihangaike nayo, WhatsApp ikishaibana video taarifa za kamera zinapotea. Simamisha video panapoonekana jengo, kibao au mlima, piga skrinishoti tatu au nne, kata maandishi yaliyobandikwa juu maana ndiyo yanayovuruga utafutaji, kisha pitisha kila moja Google Lens na Yandex, zinazotafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Ikitokea iliwekwa mtandaoni 2012, M23 walipoiteka Goma mara ya kwanza, umemaliza. Isipotokea popote, hapo hujathibitisha kwamba ni mpya.

Helikopta ikidunguliwa usiku na hakuna hata sauti ya mtu, shuku mchezo wa kompyuta wa Arma 3. Watengenezaji wake, Bohemia Interactive, walishatoa tahadhari Novemba 2022 kwamba vipande vyake vinasambazwa kama vita halisi.

Bintikivu:
Kuhusu mahali: Goma imejengwa juu ya lava. Tafuta mawe meusi kwenye kuta na kando ya barabara, volkano ya Nyiragongo kaskazini, Ziwa Kivu kusini. Jua huko huchwa karibu saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo video ya "saa 2 usiku" yenye mwanga wa mchana ikatae.

Ila lugha, tafadhali sana. Usiruhusu hoja ya "wanaongea Kinyarwanda, basi ni askari wa Rwanda". Kuna Wakongo wa Masisi na Rutshuru, wilaya za jirani na Goma, ambao hicho ndicho lugha yao ya nyumbani. Msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23 umeelezwa kwa kina na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, wala hauhitaji lafudhi ya sekunde 20 kuuthibitisha. Hoja hiyo humfanya jirani aonekane adui, na watu wamepigwa kwa sababu yake.

Mwanaziwa:
Asanteni. Nikigundua ni ya zamani, nifute tu?

Fundi wa Picha:
Ukifuta kimya utaambiwa una upande. Andika kwanza ni ya wapi na ya mwaka gani, weka kiungo cha ile ya awali, ndipo ufute. Matusi yakizidi, weka mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe kwa saa chache.

Bintikivu:
Na yenye maiti ifute papo hapo hata kama ni ya kweli. Ndugu zao wanaweza kuwa humo kundini.