Naomba ushauri: viza ya kazi ya Uingereza huchukua muda gani?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni nesi, nipo Dodoma. Nimepata kazi hospitali moja Uingereza, hati ya udhamini wameshanitumia. Kipimo cha TB nilifanya Dar, majibu mazuri. Ada nimelipa, alama za vidole nimetoa, pasipoti wamebaki nayo. Wanasema jibu hutoka ndani ya wiki 3, leo ni wiki ya 5. Barua pepe nimeandika mara mbili, naambiwa nisubiri tu. Simu ikiita, moyo unanidunda.

Tarehe ya kuanza kazi imebaki siku 12. Waliopitia njia hii, mlisubiri muda gani? Na je, nimwombe mwajiri asogeze tarehe sasa hivi? Hapa kazini bado sijaaga, naogopa kukosa kote.