Mkanda wa nailoni, wa poliesta au mnyororo: nichukue upi kwa njia ya Kitulo?

Viazi_Makete: Wakuu, habari. Mvua zimeshachanganya na safari za Uyole, Isyonje hadi Kitulo haziepukiki. Nataka kamba ya kuvutia gari ikinasa. Dukani nimeonyeshwa mkanda wa nailoni unaovutika, wa poliesta usiovutika, na mnyororo. Muuzaji anasema yote sawa, muhimu unene tu. Kesho asubuhi nalipia. Nichukue upi?

Chuma_Mafinga: Mnyororo, mkuu. Hauozi, jiwe haliukati. Umalize kazi.

Fundi_Mwanjelwa: Gari gani? Uzito wake na mzigo juu? Wa kukuvuta ni nani? Hapa hatupigi ramli.

Mnyalu_4x4: Nailoni, wala usijiulize. Inarefuka kama asilimia 20, halafu inajirudi na kung'oa gari kwenye tope taratibu. Mnyororo haurefuki hata kidogo, kwa hiyo mshtuko wote unaishia kwenye chasisi na boliti. Waachieni wavuta magogo wa Mufindi.

Viazi_Makete: Samahani wakuu. Hilux dabo kebini, kibao kinasema uzito wa juu kilo 2,910. Wa kunivuta mara nyingi ni Fuso la viazi lolote linalopita.

Fundi_Mwanjelwa: Ungeanza na hilo Fuso! Nguvu ya kukatikia ya mkanda inatakiwa iwe mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari nyepesi kati ya hizo mbili. Kwako ni kati ya kilo 5,800 na 8,700, kwa hiyo ule wa 8,000 unatosha. Ukibeba wa tani 15 kwa kudhani mnene ndiyo salama, Hilux haitaweza kuurefusha, na umerudi kwenye mnyororo.

Ila kuvuta kwa kushtua, yaani mvutaji kuondoka na mwendo mkanda ukiwa umelegea, ni kwa magari yanayokaribiana uzito. Fuso lenye shehena likija hata kwa mwendo wa mtu anayekimbia, litaondoka na bampa lako. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati ya pigo inakuwa mara nne. Kwa Fuso chukua poliesta: likaze mkanda kwanza, ndipo livute polepole kwa gia ya kwanza.

Mnyalu_4x4: Na akikutana na Prado mwenzake? Nailoni ya mita 9, acha ulegevu wa mita 2 hivi, mvutaji kwenye 4L (gia nzito ya 4x4), kilomita 10 kwa saa, basi. Isipotoka mara mbili, chimbeni mbele ya matairi. Msiongeze mwendo.

Dada_Tukuyu: Mnabishana kamba na hamjamuuliza anafunga wapi. Kuna pikapu ilivutwa huku kwenye utelezi, kitanzi kimetupiwa kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia tela. Ule umeundwa kubeba mvuto wa tela, pigo la ghafla hauliwezi. Mvuto wa kwanza gari ikatikisika tu. Wa pili mvutaji akaongeza mafuta, shina la mpira likakatika kwenye shingo. Nailoni ilikuwa imerefuka karibu mita mbili, ikajirudi na kile chuma kama manati: kikapita kioo cha nyuma cha gari la mvutaji, kikachana siti, kikagonga dashibodi. Dereva alipona kwa sababu alikuwa ameinama kuweka gia. Mkanda wenyewe haukuwa na hata uzi mmoja uliokatika.

Kwa hiyo Viazi, lala chini ya gari uangalie. Kale kapete kembamba mbele ni ka kufungia gari melini. Tafuta ndoano nene iliyofungwa kwa boliti kwenye chasisi. Katikati ya mkanda tupia blanketi zito au gunia la mchanga. Watazamaji wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na wasisimame kwenye mstari wake.

Chuma_Mafinga: Shekeli, ile pingu ya chuma yenye pini, ya tani 4.75, kaza pini mpaka mwisho.

Fundi_Mwanjelwa: Mpaka mwisho, kisha irudishe robo mzunguko. La sivyo baada ya mvuto utaitoa kwa nyundo.

Chuma_Mafinga: Ukiirudisha italegea kwenye mtikisiko, mkuu.

Fundi_Mwanjelwa: Unavuta mita tano, hausafiri nayo hadi Dodoma.

Dada_Tukuyu: Na mikanda miwili isiungwe kwa shekeli katikati. Ukikatika mmoja, hicho chuma ni risasi. Pitisha kitanzi ndani ya kitanzi, weka kijiti au gazeti lililosokotwa visikabane. Halafu nailoni ikilowa inapungua nguvu, na tope likikaukia ndani mchanga unakula nyuzi. Ioshe kwa maji matupu, anika kivulini.

Mnyalu_4x4: Nusu ya mnaovutwa hamkupaswa kuvutwa. Punguza upepo wa matairi hadi paundi 20, jaribu kurudi nyuma kwa njia uliyoingilia.

Viazi_Makete: Asanteni. Nikipunguza upepo Kitulo, naujazia wapi? Hiyo pampu ya kuchomeka kwenye betri inafaa, au niende na ya mguu?

Chuma_Mafinga: Ya mguu. Haiunguzi fyuzi.

Mnyalu_4x4: Matairi manne ya Hilux kwa mguu, kwenye ule mwinuko? Haya, tuanze upya.