Kikundi: UKOO WA BABU 🙏 (Jumatano na Alhamisi)

JUMATANO

[06:04] Shangazi Mariamu: Bwana asifiwe wana ukoo. Kama tulivyokubaliana, Jumapili saa 3 usiku tunampigia Mama Imani simu ya pamoja, kila mmoja amsomee andiko moja la tumaini. Chagueni LEO. Mimi nimeshachukua Yeremia 29:11, msiliguse.

[06:05] Shangazi Mariamu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya..." 🙏🙏🙏

[06:41] Shangazi Mariamu: Nawaona mmesoma. Tiki za bluu haziongopi.

[09:17] Tito: Shikamoo Shangazi. Tulikubaliana lini?

[09:18] Shangazi Mariamu: Marahaba. Wewe ulikuwa umelala.

[09:20] Tito: Basi mimi Yohana 11:35. "Yesu akalia machozi." Nimeshakariri 😂😂

[09:22] Shangazi Mariamu: Tito, hapa si pa mzaha. Tafuta andiko lenye nyama.

[12:51] Yona: Shikamoo Shangazi. Naomba niseme kuhusu Yeremia 29. Ile ni barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, kabla tu ya wako, unataja miaka 70. Sura ya 28 Hanania, nabii wa uongo, alikuwa ameshawatangazia miaka 2 tu na kila kitu kitarudi. Yeremia ndiye aliyewaambia itachukua muda, jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae. Tukimsomea wa 11 peke yake tunakuwa akina Hanania.

[12:53] Tito: Miaka 70?? Mimi nitakuwa na 98

[12:53] Tito: Shangazi tusifanye hesabu zako

[12:58] Shangazi Mariamu: Yona, tulikuchangia ada ya chuo cha Biblia ili utujenge, si utubomoe.

[13:30] Baba Mdogo: *Ujumbe umesambazwa mara nyingi* "Usipuuze! Tuma baraka hii kwa watu 12 kabla ya usiku wa manane..."

[13:31] Tito: Baba Mdogo hicho ni kitabu cha ngapi katika Biblia 😭

[20:33] Salome: Shikamoo Shangazi. Kabla hatujagawana, nani anachukua Warumi 8:28? Maana mara ile dada yangu alisomewa "katika mambo yote Mungu hufanya kazi... katika kuwapatia mema" udongo haujakauka.

[20:35] Shangazi Mariamu: Salome, hilo tulilimaliza mbele ya Babu.

[20:36] Salome: Mlilimaliza ninyi. Yeye hakuulizwa.

[20:38] Shangazi Mariamu: Nilisema kwa upendo. Na lile ni neno la Mungu, si langu.

[20:44] Salome: Ni la Mungu, sikatai. Ila mistari miwili nyuma yake, wa 26, unasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kama Roho mwenyewe anaugua, sisi haraka ya nini?

[20:50] Baba Mdogo: Kuna msiba? Nani?

[20:51] Tito: Baba Mdogo anzia juu 🙏

[20:58] Yona: Jamani. Mama Imani si yumo humu?

[20:59] Tito: *Ujumbe huu umefutwa*

[21:03] Shangazi Mariamu: Najua yumo. Siku hizi hafungui.

ALHAMISI

[05:12] Mama Imani: Nafungua. Huwa nasoma saa 8 usiku, mkiwa mmelala.

[05:19] Mama Imani: Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Sijakasirika. Biblia naifungua pia. Ila kila anayenipigia ananisomea Maombolezo 3:22 na 23, rehema ni mpya kila asubuhi, halafu anaaga. Nimeisoma sura yote. Mstari wa 18 yule mtu anasema nguvu zake zimepotea pamoja na tumaini lake. Mimi niko hapo, kwenye 18. Wa 22 nauona kwa mbali, msinivute mkono.

[05:20] Mama Imani: La Tito nalitaka.

[06:02] Tito: Nitalisoma vizuri dada

[06:10] Shangazi Mariamu: Pole mwanangu. Basi tubadilishe. Tunasoma Maombolezo 3 yote. Mistari 66, watu 11, kila mmoja 6. Andikeni majina.

[06:15] Yona: Sura hiyo imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, mistari 3 kwa kila herufi. Ingependeza watu 22.

[06:16] Shangazi Mariamu: 22 nitawatoa wapi? Humu tuko 31 na tunaoongea ni sisi.

[07:48] Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:38)

[08:05] Baba Mdogo: Bando langu dogo, Mzee kasemaje?

[08:11] Yona: Anasema hivi: "Mariamu, kitabu hicho kina sura tano, msinikatie katikati. Mama yenu alipolala mlinisomea mstari mmoja mmoja, nami nikaitikia amina ili mwende mkalale. Na huyo mtoto, kuna aliyemuuliza kama anaitaka hiyo simu?"

[10:26] Shangazi Mariamu: Sawa Baba.

[10:27] Shangazi Mariamu: Mama Imani, unaitaka?

[13:02] Mama Imani: Nitasema Jumamosi. Ikiwepo, sura ya 5 niachieni mimi.

[13:09] Yona: Dada, ile inaishia pagumu, "umetukataa kabisa". Wayahudi wakiisoma katika sinagogi hurudia mstari wa 21 baada ya wa 22, wasiishie hapo.

[13:15] Mama Imani: Najua inavyoishia. Nikifika mwisho nitanyamaza. Huo wa 21 urudie wewe.

[13:16] Yona: Sawa dada.

[13:20] Salome: Mimi sura ya 1.

[13:40] Shangazi Mariamu: Mimi ya 3. Tito, Yohana wako utaanza nao. Ya 2 na ya 4 bado hazina watu.

[16:55] Shangazi Mariamu: Ya 2 na ya 4??

[19:31] Baba Mdogo: Ni Jumapili hii au ijayo?