Muuzaji aliniapia kwamba tangi la lita 80 linamtosha pweza

Ndugu zangu, pweza wangu amekufa juzi, siku ya 19 tangu nimlete nyumbani, na ninaandika nikiwa na uchungu kwa sababu kifo hiki kingeweza kuepukika. Aliyeniuzia aliniapia kwamba tangi la lita 80 na kichujio kidogo cha kuning'iniza ukingoni vinamtosha, kwa kuwa mwili wake haukuzidi kiganja changu. Huyo hajui anachokiuza! Hata Octopus bimaculoides, ambaye ni pweza mdogo wa pwani ya California, hushauriwa awekewe lita zisizopungua 200, na Octopus vulgaris, yaani pweza wa kawaida, anahitaji kubwa zaidi ya hapo.

Wala si suala la nafasi ya kunyoosha minyiri tu. Pweza hula nyama tupu na hukua upesi, na mabaki ya kila kaa anayemtafuna, pamoja na kinyesi chake, hugeuka amonia. Maji yakiwa machache, sumu hiyo hupanda kwa usiku mmoja. Wangu alianza kupauka, akaacha kula, kisha akajibanza kwenye kona karibu na uso wa maji huku minyiri ikiwa imelegea, na nilipopima nilikuta amonia miligramu 1 kwa lita, ilhali inapaswa kuwa sifuri. Hakuna aliyenieleza kwamba tangi jipya huendeshwa kwanza bila pweza, ikibidi hata miezi mitatu, hadi wastawi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti.

Kuhusu uchujaji, nimejifunza kwa kuchelewa: kichujio kiwe na uwezo wa kuhudumia mara mbili au tatu ya ujazo wa tangi, kiongezewe skima ya protini, yaani kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, ambayo husaidia pia pweza anapomwaga wino, na mdomo wa pampu uzibwe kwa sponji ili usinyonye mnyiri. Kifuniko nacho kifungwe barabara.

Kilichonikera kupita yote ni kwamba nilipompigia muuzaji kuomba msaada, alinielekeza nitie dawa ya samaki ambayo lebo yake inaonyesha wazi kuwa ina shaba, na shaba ndani ya maji ni sumu kali kwa pweza. Sikuitia. Jana amenipigia tena, akasema amepata pweza mwingine wa kuniuzia, na katika mazungumzo yote hakuniuliza hata mara moja kama nimebadilisha tangi.